Shirati, Bandari Ndogo ya Ziwa Kubwa

Watu wetu wanapotaja miji ya pwani yenye historia, aghalabu hutaja Kilwa, Bagamoyo, Pangani na Unguja. Hapana ubaya, kwani miji hiyo imestahili sifa zake. Lakini nchi yetu ina pwani nyingine pia, pwani ya maji baridi, ambako mawimbi hupiga na matanga hupita, na ambako wageni wameshuka na kupanda vyomboni kwa vizazi vingi. Miji ya huko haina misikiti ya matumbawe wala milango ya nakshi, na kwa sababu hiyo wengi hudhani kuwa haina habari ya kusimulia. Dhana hiyo haina budi kusahihishwa, na hasa mbele ya vijana walio shuleni, maana ndio watakaorithi habari hizo au kuzipoteza.

Katika insha hii tumekusudia kueleza habari za mji mmoja mdogo wa Ziwa Nyanza, nao ni Shirati. Neno tunalotaka kulithibitisha ni hili: bandari haiishi kwa maji peke yake, huishi kwa njia. Shirati iliinuliwa na mstari wa mpaka uliochorwa mbali na hapo, na mstari huo huo ukaja kuipunguza. Lakini chini ya mji ule wa mpaka palikuwa na mwalo wa wavuvi kabla ya mstari, na mwalo huo upo hadi leo. Msomaji akiyaona hayo mawili, mji na mwalo, atakuwa ameelewa sehemu kubwa ya historia ya ukingo wote wa mashariki wa ziwa letu.

Mahali Penyewe

Shirati imo katika Wilaya ya Rorya, Mkoa wa Mara. Wilaya hiyo ilimegwa kutoka Wilaya ya Tarime mwaka 2007, na Tarime yenyewe zamani iliitwa Mara ya Kaskazini. Kwa hiyo msomaji akikuta katika vitabu vya zamani kuwa Shirati ni mji wa Tarime, au wa Mara ya Kaskazini, asitatizike. Mahali ni pale pale, majina ya utawala ndiyo yaliyobadilika.

Msafiri atokaye Musoma huvuka Mto Mara pale Kirumi, akaifuata barabara kuu iendayo Sirari. Afikapo Mika huiacha barabara hiyo, akashika njia ya Utegi na kuendelea hadi Shirati. Nchi hushuka polepole kuelekea magharibi, na hewa hubadilika kabla macho hayajaona maji. Kisha ziwa hujitokeza lote kwa mara moja, pana kama bahari, bila ng'ambo ionekanayo. Ufukweni hukutwa mitumbwi iliyovutwa nchi kavu, nyavu zinazoshonwa, na dagaa walioanikwa juani wakimeremeta kama fedha. Akina mama hukaa na beseni zao wakingoja vyombo. Kwa upande wa nchi kavu husimama kilima cha Katuru, ambacho tutakitaja tena.

Upepo wa mahali hapo ndio mwalimu wa kwanza wa mabaharia wake. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na upepo hutoka nchini kwenda ziwani. Mchana nchi kavu hupata joto, na upepo hugeuka ukatoka ziwani kuja nchini. Mvuvi hutweka tanga usiku akasukumwa kwenda kwenye samaki, na mchana hutweka tena akarudishwa nyumbani. Elimu hiyo haikuletwa na meli ya mgeni yeyote. Walioishi hapo waliisoma wenyewe, na juu yake wakajenga maisha yao.

Kabla ya Mstari

Ukingo huu una watu wa asili zaidi ya moja. Waluo, ambao wengi wetu huwaita Wajaluo, lugha yao ni ndugu ya lugha za bonde la Mto Naili. Wazee wao walitoka kaskazini kwa vizazi vingi, ukoo baada ya ukoo, wakiuzunguka ziwa upande wa mashariki, hata katika karne ya 19 wengine wakawa wamekwisha kukaa katika nchi tunayoiita leo Rorya. Humo waliwakuta watu wa lugha za Kibantu, ambao baadhi yao huitwa Wasuba. Juu, kwenye nyanda za baridi za Tarime, walikuwako Wakurya, watu wa ng'ombe na ulezi, ambao mambo yao mazito yaliamuliwa na baraza la wazee liitwalo inchama. Hapakuwa na mfalme mmoja wa nchi nzima. Palikuwa na koo, wazee, ndoa baina ya majirani, na mara nyingine vita vya mifugo.

Mahali penye watu wa namna mbalimbali hapakosi soko. Mtu wa ziwani alikuwa na samaki na hakuwa na nafaka ya kutosha; mtu wa milimani alikuwa na nafaka na mifugo, akatamani kitoweo cha ziwani. Mwaka wa mvua mbaya njaa iliwafundisha wote wawili kwamba jirani ni ghala. Kwa njia hiyo samaki wakavu walipanda mlima, na ulezi, mtama na mbuzi wakateremka. Lugha nazo zilipita njia hizo hizo, na wapo watu wa asili ya Kisuba ambao kwa muda mrefu wamekuwa wakisema Kijaluo kama lugha ya nyumbani.

Ushahidi wa kale wa maisha hayo haumo katika masimulizi tu. Kaskazini kidogo, ng'ambo ya mpaka, katika Kaunti ya Migori nchini Kenya, kuna maboma ya mawe yasiyotiwa udongo wala chokaa, yaitwayo Thimlich Ohinga. Mawe yamepangwa kwa ustadi hata yamesimama kwa karne nyingi. Mwaka 2018 Shirika la UNESCO liliyaingiza mahali hapo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wajenzi wake walijua kujilinda wao na mifugo yao, na walijua kazi ya pamoja. Mwanafunzi wa Rorya akiambiwa kuwa mababu wa ukingo huu hawakujenga, na aelekeze kidole huko.

Ziwa lenyewe lilikuwa na majina yake. Waluo waliliita Nam Lolwe. Watu wa kusini walisema Nyanza, yaani maji makuu. Mwaka 1858 Mwingereza John Hanning Speke alilifikia upande wa kusini, akalipa jina la malkia wake. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alilizunguka kwa mashua iliyoitwa Lady Alice, akianzia kusini na kupita ukingo wa mashariki. Safari yake ilileta ramani Ulaya. Baada ya ramani hufuata rula.

Mstari

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana kugawana nchi hizi. Mstari ulianzia karibu na mdomo wa Mto Umba pwani ya Bahari ya Hindi, ukaenda kaskazini-magharibi, ukaupinda Mlima Kilimanjaro, ukaishia ukingo wa mashariki wa Ziwa Nyanza mahali panapokutana na digrii moja kusini mwa Ikweta. Mwaka 1890 walipatana tena, wakauendeleza mstari huo kuvuka ziwa lote. Baina ya mwaka 1904 na 1906 tume ya mataifa hayo mawili ikapita nchini kupima na kuweka alama.

Twaomba walimu wawaonyeshe wanafunzi jambo hili katika ramani. Digrii moja kusini si mto, si mlima, wala si mpaka wa lugha. Ni hesabu. Hesabu hiyo ilipita katikati ya Waluo, ikapita katikati ya Wakurya, ikapita juu ya maji ambako hata nguzo haiwezi kusimikwa. Mtu alilala akiwa na binamu kijiji cha pili, akaamka binamu yule ni mtu wa himaya nyingine. Nayo Shirati, iliyokuwa mwalo miongoni mwa mialo, ikajikuta iko kilomita zisizofikia 20 kusini mwa mstari huo. Tangu hapo ikawa mlango, na mlango wa dola huwekewa bawabu.

Boma na Meli

Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi Shirati. Katika maandishi yao jina huandikwa Schirati. Kilikuwa mojawapo ya vituo vilivyoishika nchi hii ya kaskazini. Kingine kilikuwa boma la Ikoma, ambalo liko Serengeti. Boma la Ikoma lilitazama nyika na njia za bara. La Shirati lilitazama maji na mpaka. Kwa boma zilikuja amri za kodi, kazi za kulazimishwa na askari wa kuzisimamia. Kodi ililipwa kwa rupia, na asiyekuwa na rupia alilazimika kuitafuta, ama kwa kuuza ngozi, samli na karanga, ama kwa kuuza nguvu zake. Wajerumani walitaka machifu hata mahali ambapo wananchi walikuwa wamezoea mabaraza ya wazee, kwa kuwa mtawala mgeni hupendelea mtu mmoja wa kumwamuru.

Hata hivyo si boma peke yake lililoifanya Shirati kuwa mji. Mwezi Desemba 1901 Reli ya Uganda, iliyojengwa na Waingereza kutoka Mombasa, ilifika ziwani pale Kisumu. Baada ya hapo meli za reli hiyo, kama Winifred, Sybil na Clement Hill, zikaanza kulizunguka ziwa, zikitia nanga pia katika bandari za upande wa Wajerumani: Shirati, Musoma, Mwanza na Bukoba. Hapo twaona kichekesho cha historia. Dola mbili zilizochora mstari ili zitengane zilikuta kuwa haziwezi kufanya biashara bila kuuvuka. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilikuwa bado mbali, hivyo mali ya ukingo wa Wajerumani ilipanda meli ya Waingereza, ikaenda Kisumu, ikateremka Mombasa.

Kwa meli zilikuja nguo, majembe, chumvi na sabuni; wafanyabiashara wa Kihindi wakafungua maduka katika bandari za ziwa; askari waliotoka mbali wakakaa pamoja na wenyeji. Na pamoja na mizigo hiyo ilikuja mali isiyolipiwa ushuru, yaani lugha ya Kiswahili. Mluo aliyekwenda dukani, Mkurya aliyeitwa bomani, mpagazi aliyepakia ngozi melini, wote walihitaji lugha moja ya kati. Kiswahili kilisimama kikawa daraja. Twastaajabu tukiwaza kwamba lugha iliyotumiwa na mtawala kukusanya kodi ndiyo baadaye iliyowaunganisha waliotozwa, hata wakaweza kudai uhuru wao kwa sauti moja.

Malale

Meli na mitumbwi havikubeba bidhaa tu. Mwanzoni mwa karne hiyo ugonjwa wa malale ulizuka Busoga, kaskazini mwa ziwa, ukasambaa katika visiwa na kingo zake. Inakisiwa kuwa watu zaidi ya 200,000 walikufa katika Uganda peke yake. Mbung'o wanaoeneza ugonjwa huo hupenda vivuli vya vichaka vilivyo kando ya maji, yaani pale pale watu wanapoteka maji na kuvutia mitumbwi.

Mwaka 1906 Wajerumani walimtuma daktari wao mashuhuri, Robert Koch, kuuchunguza ugonjwa huo. Alifanya kazi hasa katika visiwa vya Sese, akiwatibu wagonjwa kwa dawa iliyoitwa atoksili, yenye sumu ya aseniki ndani yake. Baadhi ya waliopewa kipimo kikubwa walipofuka macho. Baadaye kambi za wagonjwa zilifunguliwa katika sehemu za ziwa zilizotawaliwa na Wajerumani, pamoja na eneo la Shirati. Watu walipapaswa shingo ili tezi zilizovimba zitambulike. Vichaka vya ufukweni vilifyekwa. Safari za mitumbwi ziliwekewa vizuizi. Mwaka 1908 Waingereza na Wajerumani walitia sahihi mapatano ya kupashana habari za ugonjwa huo na kuwazuia wagonjwa wasivuke mpaka.

Yatupasa kuwa waadilifu tunapohukumu mambo haya. Ugonjwa ulikuwa wa kweli na uliua, na kufyeka vichaka kulikuwa na maana. Lakini mwananchi hakuulizwa. Alishikwa shingo na mgeni asiyejua lugha yake, akadungwa sindano iliyoweza kumtia upofu, akakatazwa njia ya maji ambayo babu yake aliitumia kwenda kwa shemeji zake. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mstari ule wa ramani kuonekana majini.

Vita vya Wengine

Mwezi Agosti 1914 dola za Ulaya zilipigana, na mlango wa Shirati ukawa uwanja wa vita. Mwezi Septemba jeshi la Wajerumani lilivuka mpaka likaingia Kisii, na tarehe 12 yakatokea mapigano makali hata Wajerumani wakarudi nyuma. Wenyeji wa Kisii, walioona watawala wao wamekimbia, walichukua mali zilizoachwa mjini. Waingereza waliporudi waliwaadhibu kwa kuchoma nyumba na kutwaa ng'ombe. Siku hizo hizo ziwani, meli ya Winifred iliyobeba askari kwenda Karungu ilirudishwa nyuma na mashua ndogo ya Kijerumani yenye silaha, iliyoitwa Muansa. Mwezi Januari 1915 Waingereza waliitwaa Shirati.

Vitabu vya vita huandika majina ya makapteni na meli. Havikuandika majina ya wapagazi. Maelfu kwa maelfu ya watu wa ukingo wa ziwa, wa pande zote mbili za mpaka, walichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi, na wengi walikufa kwa njaa, homa na tumbo la kuhara, si kwa risasi. Jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi hao. Mwaka 1917 vita vilipita tena nchini mwetu, kundi la Kapteni Naumann lilipofika Ikoma na kupambana na majeshi ya Wabelgiji yaliyokuwa yakilifukuza. Mluo alipigana na Mluo, Mkurya na Mkurya, kwa ajili ya bendera ambazo hakuna hata mmoja wao aliyezishona.

Baada ya vita Mwingereza akatawala pande zote mbili, na mlango wa Shirati ukawa hauna adui wa kulindwa. Utawala wa nchi ukahamia Musoma, na baadaye Tarime ikawa makao ya wilaya ya Mara ya Kaskazini. Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ilifika Mwanza, na biashara nyingi ya ziwa upande wetu ikaanza kuelekea kusini. Shirati, iliyokuwa mlango mkuu, ikawa mlango wa uani.

Kilima cha Katuru

Mji uliopungukiwa na boma ulipata jambo jingine. Mwezi Februari 1934 wamisheni wa Kimenoniti kutoka Marekani, wakiongozwa na Elam Stauffer, walifika Shirati na kuanzisha kituo chao cha kwanza nchini katika kilima cha Katuru. Kutoka hapo kazi yao ilienea Bukiroba, Mugango na kwingineko. Mwaka 1967 Zedekia Kisare, mzaliwa wa huko huko, akawa askofu wa kwanza Mwafrika wa kanisa hilo nchini. Kwa historia ya utamaduni jambo la kutazama ni kwamba uongozi ulihama mikononi mwa wageni ukaingia mikononi mwa wenyeji, kama ulivyohama katika serikali na shule katika miaka hiyo.

Tiba iliyoanza kwa zahanati ilikua ikawa hospitali, na pamoja nayo kituo cha wagonjwa wa ukoma na chuo cha wauguzi. Sifa ya hospitali ya Shirati ilivuka mpaka. Na hapo twakutana na mfano unaostahili kulinganishwa na habari za malale. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt alieleza, kutoka Uganda, saratani ya taya inayowapata watoto wa nchi zenye malaria nyingi. Ili kujua kama malaria ina mkono katika ugonjwa huo, kati ya mwaka 1977 na 1982 watoto wa Mara ya Kaskazini waligawiwa vidonge vya klorokwini kijiji kwa kijiji, na watafiti wakahesabu wagonjwa wa malaria na wa saratani hiyo. Malaria ilipungua mwanzoni, kisha ikarudi kupanda. Wagonjwa wa saratani walipungua sana, lakini kwa kuwa walikuwa wameanza kupungua kabla ya vidonge, watafiti walipotoa matokeo yao mwaka 1989 hawakuthubutu kusema kuwa swali limejibiwa.

Elimu ya dunia juu ya ugonjwa huo ina deni kwa watoto wa ukingo huu. Tofauti baina ya kambi ya mwaka 1908 na vijiji vya mwaka 1977 ni kubwa: katika ile ya kwanza mwananchi alikuwa mtu wa kushikwa, katika ya pili alikuwa raia wa nchi huru. Lakini swali moja hubaki katika zote mbili, nalo ni hili: waliochangia miili yao wameelezwa walichokichangia? Wangapi kati ya waliokunywa vidonge vile wakiwa watoto wanajua kuwa wamo katika vitabu vya tiba vya dunia nzima?

Njia Kufungwa

Baada ya Uhuru meli za ziwa ziliendeshwa kwa pamoja na nchi tatu jirani. Mwaka 1967 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliundwa, na mtu wa Rorya aliweza kuliona ziwa tena kama babu zake walivyoliona, yaani kama njia. Hayo hayakudumu. Mwezi Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na mwaka huo huo Jumuiya ikavunjika. Mpaka haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Mali za shirika la reli na meli ziligawanywa, na vyombo vilivyokuwa vikizunguka ziwa lote vikawa vya nchi moja moja.

Kwa miji mikubwa hiyo ilikuwa habari ya magazetini. Kwa mji ulio karibu na mstari ilikuwa habari ya jikoni. Bandari iliyokuwa na nchi mbili za kuuzia ikabakiwa na moja. Shemeji, msiba na mahari vikawa ng'ambo ya mpaka uliofungwa. Ni kweli kwamba mitumbwi iliendelea kupita gizani, maana njaa na undugu havisomi matangazo ya serikali. Lakini biashara ya kujificha haijengi gati wala ghala. Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba uliotiwa sahihi mwaka 1999, na mambo yakawa mepesi tena. Hata hivyo barabara na malori vilikuwa vimekwisha kuchukua kazi ya meli. Na Rorya ilipopata wilaya yake mwaka 2007, makao yake yaliwekwa Ingri Juu, wala si Shirati.

Ziwa nalo halikutulia. Baina ya mwaka 1961 na 1964 maji yalipanda zaidi ya mita mbili, yakala fukwe na mialo; mwaka 2020 yakapanda tena kwa kiasi cha kutisha. Sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, aliongezeka mno katika miaka ya 1980, na furu wa aina nyingi wakatoweka. Wazee waliokua wakila ngege na ningu sasa huona wajukuu wao wakipanga sangara kwenye magari ya barafu. Pesa imeongezeka kwa wengine. Kitoweo cha mnyonge kimebaki dagaa.

Wajibu Wetu

Tumeona kwamba mji wa Shirati ulipanda na kushuka mara kadhaa. Boma lilikuja na utawala ukahama. Meli za kigeni zilikuja zikaondoka. Mpaka ulifungwa na kufunguliwa. Katika mambo hayo yote hapana hata moja lililoamuliwa Shirati. Lililoamuliwa Shirati ni kutweka tanga kila usiku na kurudi kila mchana, kuoana na jirani, kupokea mgeni na kujifunza lugha yake bila kuisahau ya nyumbani. Hilo halina mnara wala jiwe la msingi, lakini ndilo lililodumu.

Mwezi Desemba 1962, nchi ilipokuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, kwa imani kuwa taifa lisilojua utamaduni wake ni umati wa watu tu. Imani hiyo ingali na kazi. Habari za boma la Shirati zimeandikwa Kijerumani na Kiingereza, nazo ziko salama katika makabati ya mbali. Habari za mwalo zimo vifuani mwa wazee, na kabati la kifua halina ufunguo wa pili. Twawasihi walimu wa historia wa Rorya, Tarime na Serengeti wawatume wanafunzi wao wakati wa likizo wakaulize: vyombo viliundwaje kabla ya misumari? Nani alichukuliwa upagazi na hakurudi? Mpaka ulipofungwa, maiti zilizikwa upande gani? Majibu yaandikwe, yatiwe tarehe, yahifadhiwe shuleni.

Nasi twatia nukta kwa ubeti mmoja, ambao mwanafunzi anaweza kuukamilisha kwa beti zake mwenyewe:

Maji hayana mipaka, ziwa ni njia ya watu,
Hata walipouweka, undugu ungali wetu,
Bandari hufa hakika, ikifungwa njia zetu,
Vijana nendeni hima, mkaulize wazee.